Kemia Inaanzia Kwenye Ufagio

Hotuba kwa mafundi seremala, wauza mbao na wanafunzi, Chang'ombe, Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti wa serikali ya mtaa, wazee wangu mafundi wa Keko, wafanyabiashara wa mbao mliotoka Buguruni, mama zangu mnaopika jirani na karakana, na ninyi wanafunzi wangu mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti. Wakubwa shikamooni. Wenzangu, habari za mchana.

Kabla sijasema neno, naomba chupa hizi mbili zizunguke. Fungueni, mnuse, mpitishe kwa jirani. Ya kwanza ina unga wa mbao ya paini kutoka Mafinga. Ni mweupe wenye unjano kidogo, na harufu yake inafanana na ile tapentaini ya kuchanganyia rangi, kwa sababu ni ukoo mmoja. Ya pili ina maranda ya mninga, ya hudhurungi, yamejikunja kama nywele za mtoto. Fundi yeyote hapa akifumba macho anaweza kuzitofautisha. Mzee wangu pale mbele hata hajanusa, ameigusa tu akatikisa kichwa, ameshaijua.

Sasa nipitishieni na hii ya tatu. Hii nimeijaza leo asubuhi kwenye sakafu ya karakana moja hapa jirani, kwa ruhusa ya mwenyewe. Ndani kuna paini, mninga, mkongo, vumbi la emdiefu, ile bodi ya nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi, kipande cha msasa, msumari mmoja na kizibo cha soda. Nuseni. Haina harufu ya kitu chochote unachoweza kukitaja jina.

Nimeombwa nizungumzie namna mabaki ya mbao yanavyoweza kuwa malighafi ya viwanda vya kemikali. Nitazungumza, lakini moyo wangu wote uko kwenye tofauti kati ya chupa mbili za kwanza na hii ya tatu.

Nimezaliwa Keko. Baba alikuwa seremala, na kazi yangu ya kwanza duniani ilikuwa kufagia. Alikuwa na ufagio wa chelewa uliokatika ncha kwa kuzeeka, na kila jioni mimi na kaka yangu tulikusanya uchafu wote wa siku kwenye rundo moja nyuma ya karakana. Paini ya kitanda cha mteja wa Mbagala, mninga wa meza ya mwalimu, vyote pamoja. Mama wa kuku alikuja akachukua kiroba kimoja viwili vya maranda ya kutandika bandani. Yaliyobaki tuliyawasha. Moshi ule naukumbuka mpaka leo, maana ulikuwa unaingia hadi kwenye wali. Hakuna aliyetuambia kwamba tunachochoma kina thamani, na baba asingekuwa na sababu ya kuamini hata kama angeambiwa, kwa sababu thamani yenyewe tulikuwa tumeshaiua kwa ufagio kabla ya kuwasha kiberiti.

Tuanze na gogo lenyewe. Mti wa paini unakatwa kwenye msitu wa Sao Hill, unapasuliwa Mafinga kwenye zile mashine mnazoziita dingdong, halafu mbao zinapanda lori na kusafiri zaidi ya kilomita 550 mpaka hapa. Mnaojua kupasua mnajua vizuri kuliko mimi: nusu ya gogo, mara nyingi zaidi ya nusu, haifiki kuwa mbao. Inabaki mabanzi, magome na unga. Kisha mbao ikifika hapa tunairanda, tunaikata, tunaitoboa, inapungua tena. Kiti unachokikalia ni sehemu ndogo ya mti uliosafiri kuja kwako.

Hiyo sehemu iliyoanguka chini imejengwa na nini? Wale waliokulia kwenye nyumba za miti na udongo wataelewa haraka. Unasimamisha fito, unazifunga kwa kamba, kisha unakandika udongo. Mti nao umejengwa hivyo hivyo. Fito zake ni selulosi, minyororo mirefu ya sukari ya glukosi iliyoshikana sawasawa. Ni asilimia 40 hadi 50 ya mbao kavu. Kamba zake ni hemiselulosi, nazo ni sukari, lakini za aina mchanganyiko na minyororo yake ni mifupi, rahisi kukatika. Udongo wa kukandika ni lignini, kitu kigumu cha hudhurungi kinachoufanya mti usimame na usinyonye maji kama sifongo. Ukiondoa maji, hivyo vitatu ndivyo karibu mti wote. Kuigeuza mbao kuwa kemikali maana yake ni kuibomoa nyumba hiyo kwa adabu, fito upande wake, kamba upande wake, udongo upande wake.

Wazo hili lina umri mkubwa. Mwaka 1819 Mfaransa Henri Braconnot alichukua unga wa mbao na matambara makuukuu, akavitia kwenye asidi ya sulfuriki, akapata sukari. Mwaka 1838 Mfaransa mwenzake, Anselme Payen, akaitenga selulosi. Hawa watu hawakuwa na umeme. Walikuwa na moto, vyombo vya kioo na uvumilivu, na naomba wanafunzi mlioko nyuma mlishike hilo, maana mnanilalamikia kila wiki kwamba maabara yetu haina vifaa.

Lakini kinachonisisimua zaidi ni kamba, hemiselulosi, kwa sababu hapo ndipo mninga na paini zinapoachana kabisa. Kwenye mbao ngumu, kamba zimesukwa zaidi kwa sukari inayoitwa zailosi. Kwenye paini na jamaa zake, zimesukwa zaidi kwa sukari nyingine, manosi. Kwa macho huoni tofauti. Kwa mwenye kiwanda, tofauti hiyo ni pesa. Zailosi ukiipika kwa asidi na joto kali inaachia molekuli tatu za maji na kugeuka kimiminika kinachoitwa furfurali. Wanafunzi, tupige hesabu hapa hapa: zailosi ina uzito wa 150, kila molekuli ya maji ni 18, mara tatu ni 54, inabaki 96. Maana yake kilo 150 za zailosi, kama hakuna kinachopotea, zinatoa kilo 96 za furfurali. Kiwandani hupotea nyingi, lakini hiyo ndiyo dari. Manosi haikupeleki huko. Kwa hiyo ukimpelekea mpishi wa furfurali gunia ambalo nusu yake ni paini, umempa nusu gunia la kumsumbua.

Furfurali ni ya kazi gani? Inatengenezewa resini ya kugandisha mchanga wa kalibu, pale mafundi wa viwandani wanapomimina chuma cha moto. Inatumika kusafishia mafuta ya kulainisha mitambo. Ni mlango wa kuingilia kwenye kemikali nyingine nyingi.

Sikilizeni ilivyoingia viwandani. Huko Marekani, mji wa Cedar Rapids, kampuni ya Quaker Oats ilikuwa inatengeneza uji wa nafaka ya oti, na maganda yake yalikuwa yanarundikana kama maranda yetu yanavyorundikana. Mwaka 1922 wakaanza kuyapika maganda hayo na kuuza furfurali. Watu wa uji! Na wala tusiende mbali hivyo. Afrika Kusini, mahali panapoitwa Sezela, pwani ya KwaZulu-Natal, kiwanda cha sukari kinatoa furfurali kutoka kwenye makapi ya miwa. Uchina nao wanaitoa kwa wingi kwenye magunzi ya mahindi. Mnaona wote hao wana kitu kimoja wanachofanana? Mabaki yao yanatoka mlangoni yakiwa ya aina moja. Kiwanda cha sukari hakina namna ya kuchanganya muwa na emdiefu. Usafi wa malighafi wameupata bure. Sisi inabidi tuutengeneze kwa mikono.

Tugeukie lignini, ule udongo. Miaka mingi viwanda vya karatasi vya aina ya kile cha Mgololo kule Mufindi vimekuwa vikiipika mbao ili kupata nyuzi za karatasi, na lignini inabaki kwenye maji meusi ambayo huchomwa kupata mvuke na kurudisha dawa za kupikia. Kuchoma si kosa, mvuke unahitajika. Lakini Norway, mji wa Sarpsborg, kampuni ya Borregaard inachukua lignini ya mti unaokaribiana na msonobari na kutoa vanilini, ile harufu na ladha ya vanila iliyoko kwenye aiskrimu na keki. Ndugu zetu wa Kagera wanalima vanila kwa jasho, wanachavusha ua moja moja kwa mkono, na vanila yao ina utamu ambao vanilini peke yake haiufikii. Ila dunia inataka vanilini nyingi kuliko maua yanavyoweza kutoa, na mti unaweza kujazia.

Hapa sasa meza inageuka. Kwa vanilini, paini ndiyo bora, kwa sababu lignini yake imejengwa karibu yote kwa tofali moja, lile linalozaa vanilini. Mbao ngumu ina tofali la pili ndani yake, unapata mchanganyiko wa vitu viwili na gharama ya kuvitenganisha. Zailosi inautaka mninga, vanilini inaitaka paini. Rundo lile la nyuma ya karakana ya baba lilikuwa na vyote viwili, kwa hiyo halikufaa kwa chochote.

Kuna jambo moja la nyumbani nataka kulisema, kwa kuwa huwa tunazungumza kama vile kemia ya miti ni mgeni aliyeshuka na meli jana. Pwani hii ya Mrima ilikuwa inauza kemikali za miti kabla ya babu zetu kuzaliwa. Sandarusi, utomvu wa msandarusi ulioganda na kufukiwa ardhini miaka mingi, ilichimbwa nyuma ya pwani hii, ikavushwa Unguja, na karne ya 19 wafanyabiashara wa Salem, Marekani, waliinunua kwa ajili ya vanishi ya samani. Vanishi, mafundi wangu! Magome ya mikoko ya Rufiji yalisafirishwa Ulaya enzi za Mjerumani kwa ajili ya kusindika ngozi, kwa sababu ya tanini iliyomo. Na Njombe, kampuni ya TANWAT, iliyoanzishwa mwaka 1949, imekuwa ikipanda miwati na kutoa tanini kwenye magome yake. Gome, kitu ambacho wengine hulibandua na kulitupa, huko ndilo shamba lenyewe. Sisi ni watu wa kazi hii. Tulikuwa tumesahau tu.

Nije kwenye moshi, kwa sababu mama zangu wananitazama kama wanaouliza, haya yote yanatuhusu nini.

Mwaka jana mimi na wanafunzi hawa tulichukua debe lenye mfuniko wa kubana, tukalijaza maranda makavu ya mbao ngumu, tukatoboa tundu, tukachomekea bomba la shaba la friji bovu, tukalizungushia vitambaa vibichi, kisha tukaweka debe juu ya moto uwanjani. Nusu saa hivi ilitoka mvuke mtupu. Baadaye moshi ukawa mzito wa njano, na kwenye ncha ya bomba kikaanza kudondoka kimiminika cha rangi ya chai ya rangi. Tone, tone, tone. Harufu yake ni siki na samaki wa kukaushwa kwa moshi kwa pamoja. Ikajaa chupa moja ya soda na nyingine nusu. Nikachota kidogo nikakidondoshea magadi soda, kikafoka povu mpaka kikamwagika mezani. Binti mmoja akapiga kelele, "Mwalimu, moshi una asidi!" Ndiyo, una asidi, ileile ya siki. Ndani ya debe tukakuta mkaa safi, unalia kama kigae ukiugonga.

Mpaka miaka ya 1920 dunia ilikuwa inapata methanoli kwa njia hiyo, na asidi ya siki nyingi pia. Tani moja ya mbao ngumu kavu ilikuwa inatoa kiasi cha kilo 50 za asidi ya siki na kilo 15 hadi 20 za methanoli, na mkaa juu yake. Mwaka 1923 Wajerumani wa BASF wakaanza kutengeneza methanoli kwa gesi, bei ikashuka, matanuri ya kuvunia moshi yakafa moja baada ya jingine. Nayasema haya ili asiondoke mtu hapa akidhani atatajirika wiki ijayo. Mafuta na gesi ni washindani wakali. Lakini tanuri letu la udongo linatoa kilo 15 hadi 20 za mkaa kwa kila kilo 100 za kuni, na moshi wote, pamoja na asidi yote, unapanda angani. Jiji hili linapika kwa mkaa. Kila gunia linaloshushwa Dar lina kivuli chake cha moshi uliopotea porini.

Na hapa naomba utulivu. Kile kimiminika cha rangi ya chai kina methanoli. Mililita 10 tu za methanoli tupu, vijiko viwili vya chai, zinaweza kumpofusha mtu moja kwa moja. Asitokee kijana wa kukijaribu kwa ulimi wala wa kukichemsha nyumbani akitafuta pombe. Tumeshazika watu kwa gongo lililotiwa visivyotiwa. Kazi hii inafanyika uwanjani, kwenye hewa, na mtu anayejua anachofanya.

Kosa letu wenyewe nalo nalieleza, maana limenifunza kuliko vitabu. Tulimpata mnunuzi mmoja aliyekuwa tayari kuchukua unga wa paini kwa majaribio ya gundi. Gundi za plaiwudi ngumu zinatumia fenoli, na lignini inaweza kushika nafasi ya sehemu ya fenoli hiyo. Alitaka kitu kikavu, cha aina moja. Tukakusanya viroba 40 kwa siku nne, karakana kwa karakana, kwa guta la kukodi. Nilijiona nimefika. Akafungua kiroba cha kwanza akaingiza mkono, akautoa na unga mbichi umemganda vidoleni. Mbao mbichi nusu ya uzito wake ni maji, na sisi tulikuwa tumebeba maji kuvuka mji. Akafungua cha pili, emdiefu. Emdiefu imeshajaa gundi ya urea na fomaldehaidi, huwezi kuitoa. Akafungua cha tatu akakuta vumbi la kijani. Akafunga vyote akasema, "Mwalimu, rudi navyo." Hakukosea. Tulirudi navyo Keko jioni ile, na tukalipa guta mara mbili.

Lile vumbi la kijani ndilo lililonikosesha usingizi zaidi ya hasara. Mbao nyingi za kenchi zinatiwa dawa ili zisiliwe na mchwa, na dawa iliyozoeleka ina shaba, kromu na aseniki. Juu ya paa mbao hiyo inakaa salama. Lakini vipande vyake vinavyobaki, mama zangu, ndivyo vinavyookotwa kwenda kupikia. Moshi wa kipande hicho una aseniki, majivu yake yana aseniki, na majivu hayo tunasugulia sufuria. Nawaomba sana, nawaomba kwa jina la watoto wenu, kipande cha kijani kisiingie jikoni, hata kama kuni hakuna, hata kama kimekauka vizuri. Na mafundi, vumbi la mbao ngumu limeorodheshwa na wataalamu wa kimataifa wa saratani, tangu mwaka 1995, kuwa linasababisha saratani ya pua. Mkongo unaowapigisha chafya si wa kuzoea. Kitambaa puani, kila siku, kijana na mzee.

Nimeulizwa mlangoni nilipoingia: "Sasa kiwanda kiko wapi?" Bado hakipo, na sitamdanganya mtu. Kupika furfurali kunataka vyungu vya kuhimili mgandamizo mkubwa, asidi, watu waliosomea, na malighafi tani kwa tani bila kukatika. Hilo la mwisho ndilo linalomkimbiza mwenye mtaji. Akija leo akauliza Keko inatoa tani ngapi za mbao ngumu safi kwa mwezi, nani hapa ana jibu? Hakuna, kwa kuwa hatujawahi kupima kitu tunachokiita taka. Tukiwa na daftari la miezi sita lenye kilo na aina, tutakwenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, na TIRDO, shirika la utafiti wa viwanda, tukiwa na la kuzungumza. Nimekaa na wazee watatu wa karakana, tumekubaliana tuanze wenyewe bila kusubiri.

Kwa hiyo pale mlangoni kuna viroba, tumeviandika kwa rangi. Vyeupe vimeandikwa PAINI. Vya njano vimeandikwa MBAO NGUMU. Vyekundu ni vya emdiefu, plaiwudi na mbao ya dawa, navyo havipelekwi kokote bila mimi kujua. Kila karakana ichukue vitatu. Fagieni kabla ya kubadilisha mbao mashineni, siyo jioni. Mkiranda mninga, fagieni mninga, ndipo mpandishe paini. Maranda yaanikwe kwenye turubai, si kwenye mchanga. Jumamosi kuanzia saa 3 asubuhi vijana wangu watapita na guta na mzani, wataanzia upande wa Keko Magurumbasi kisha watashuka. Kila kiroba kitapimwa mbele yenu na kuandikwa kwenye daftari, na nakala itabaki kwa fundi. Mzee wangu wa mbele, wewe uliyeijua chupa kwa kuigusa, tumekuomba uwe msimamizi wa kukagua viroba vya njano. Naona unatabasamu, nachukulia umekubali.